Houten kuna nini cha kuona?

SWALI: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anaishi Houten, Uholanzi, na kaniita nikakae nao wiki mbili mwisho wa Aprili. Kila ninayemwambia ananijibu ule ni mji wa kulala tu, wakiamka wote wanapanda treni kwenda kazini Utrecht, bora nishinde Amsterdam. Hivi kweli pale na mashambani kwa jirani hakuna cha kutazama? Na baiskeli mara ya mwisho nilipanda nikiwa shule. (Mama Wawili)

JIBU: Mama Wawili, hao wanaokwambia hivyo walishuka stesheni wakaenda kwa mwenyeji wao, wakala, wakarudi. Amsterdam nenda siku moja, sikukatazi, ila Houten ni mji ambao wapanga miji wanatoka nchi za mbali kuja kuutazama. Zamani kilikuwa kijiji tu, leo kuna watu kama 50,000, na walipoupanua waliamua kwamba gari likitaka kwenda mtaa wa pili lisikate katikati, litoke nje hadi barabara ya mzunguko inayoitwa Rondweg, lizunguke ndo liingie upya, wakati baiskeli inapita moja kwa moja. Saa za kutoka shule kaa karibu na stesheni uangalie, utaona watoto wadogo wanaendesha peke yao, bibi na babu wa mvi, mama kapakia watoto kwenye sanduku mbele ya baiskeli, na hakuna anayepigiwa honi. Kuna mitaa ina kibao chekundu, baiskeli imechorwa mbele gari nyuma, yaani gari hapo ni mgeni.

Kuhusu kupanda, usiogope ila fanya mazoezi kwanza mtaani kwa mdogo wako. Wenzetu wanapita kulia, hilo uliweke kichwani kabla hujakaa kwenye siti. Baiskeli nyingi za kukodi breki yake ni kurudisha pedali nyuma, sasa ukizoea breki za mkononi utashtuka. Na simu usiishike ukiwa unaendesha, tangu 2019 ni faini.

Mashambani ndo penyewe. Aprili mwishoni matufaha na mapeari huwa yamechanua bonde lote la mto Kromme Rijn, weupe mtupu pande mbili za njia. Mbele zaidi, mwendo wa saa moja na kitu kwa pole pole, kuna Wijk bij Duurstede, mji wa kale wenye kinu cha upepo ambacho barabara inapita chini yake, unapita na baiskeli yako.

Lakini mimi ningeanza na ngome. Waholanzi walikuwa wanajilinda kwa kuifurisha nchi yao wenyewe makusudi, maji kama nusu mita tu, askari akiingia haoni mitaro iliyo chini, na mashua nayo inakwama. Mstari huo wa ngome na maji, kilomita 85, unaitwa Nieuwe Hollandse Waterlinie, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2021. Nenda Fort Vechten, kuna jumba la makumbusho na nje kuna modeli ya zege ya mita 50 ya mstari mzima, unafungulia maji kwa mkono wako unaona nchi inavyozama, watoto wa mdogo wako hawatataka kuondoka. Njiani ukiona nyumba za mbao karibu na ngome ujue ilikuwa sheria, zijengwe hivyo ili vita ikija zichomwe haraka zisizibe shabaha ya mizinga.

Halafu kuna Plofsluis, upande wa Nieuwegein, dude la zege la miaka ya 30 lililojengwa juu ya mfereji wa Amsterdam-Rijnkanaal. Tumbo lake limejazwa kifusi, adui akija walipue sakafu kifusi kidondoke kizibe mfereji, manake bila hivyo maji ya mafuriko yote yangekimbilia humo. Halijawahi kulipuliwa, hadi kesho lipo na mfereji wakaupitisha pembeni yake.

Fort Rhijnauwen ni ya kuingia na kiongozi tu, mle kuna popo na ndipo Wajerumani waliwapiga risasi wapiganaji wa upinzani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hivyo ulizia mapema. Jirani yake kando ya mto kuna nyumba ya chai wanakaanga pankeki kubwa, kaleni hapo.

Koti la mvua lisikae nyumbani, na siku ya upepo anza kwa kwenda upande upepo unakotokea ili wakati wa kurudi, miguu imechoka, ukusukume.