Maswali ya wasomaji: Telemeta au refleksi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga picha za harusi na za barabarani hapa Bukavu. Nimeonyeshwa kamera mbili za filamu ya milimita 35: Zorki 4 ya telemeta (ina kifaa cha kupimia umbali, na unachungulia dirisha la kando) na Pentax K1000 ya refleksi (unachungulia kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo), zote zina lenzi ya milimita 50. Baadaye nataka kuongeza lenzi ya 28 (ya kuchukua eneo pana) na ya 135 (ya kuvuta vya mbali). Nikichungulia Zorki naona peupe kabisa, lakini Pentax ina giza kidogo. Nichukue ipi?
– Msomaji, Kadutu

JIBU: Kwa kazi hiyo, hasa kwa sababu ya hiyo 135, chukua Pentax.

Weupe unaouona kwenye Zorki hautoki kwenye lenzi. Unachungulia dirisha lake lenyewe, kando ya lenzi, ndiyo maana ukisahau kufungua kifuniko cha lenzi huwezi kujua. Ukali unaupata kwa kuzungusha lenzi mpaka taswira mbili za katikati ya dirisha ziwe moja. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu njia hii ni nzuri mno: dirisha halififii hata lenzi ikiwa ya f/3.5 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo), na hakuna kioo kinachoruka na kuitikisa kamera kwenye kasi ya sekunde 1/15.

Lakini dirisha la Zorki 4 limepimwa kwa 50 tu. Ukifunga 28 au 135 unahitaji kitazamio cha nje, na kinakaa pale pale pa flashi. Kila picha utachungulia mara mbili: kwanza kutafuta ukali, kisha kupanga picha. Bibi harusi hasubiri. Na 135 ya f/4 ikifunguliwa yote, mtu akiwa mita 3, eneo lenye ukali ni kama sentimita 12 kwa jumla. Telemeta iliyolegea kidogo itakupa sikio kali na macho yenye ukungu.

Halafu kuna picha za pete za harusi. Zorki haipati ukali chini ya mita 1, na hapo lenzi ya 50 inachukua eneo la sentimita 65 kwa 43. Lenzi ya kawaida ya Pentax, 50 ya f/2, inafika sentimita 45, eneo likabaki kama 25 kwa 16. Tena karibu hivyo dirisha la kando hudanganya, unakata vichwa bila kuona. Refleksi inakuonyesha kile lenzi inachokiona, iwe 28 au 135.

Giza la Pentax linategemea lenzi iliyofungwa. Ukitoka f/2 kwenda f/4, mwanga wa kuchungulia unabaki robo. Kwa hiyo 28 na 135 zitafute za f/2.8.

Usikubali kuambiwa kwamba lenzi za Zorki utazihamishia kwenye Pentax kwa adapta (kipande cha kuunganishia). Zimetengenezwa zikae milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Pentax inadai 45.46 ili kioo kipate nafasi ya kuruka. Vitu vya mbali havitapata ukali kamwe.

Kabla ya kulipa, toa lenzi na uguse sponji ambayo kioo hugonga kikipanda. Ikiwa inanata, kioo kitagandia juu; ni kazi ndogo kwa fundi, lakini punguza bei.

SWALI: Niko Goma na telemeta yangu ninayo. Nitajuaje kama inapima sawa?

JIBU: Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, kisha lenga mnara wa antena ulio zaidi ya kilomita moja. Taswira mbili lazima zilaliane. Zikipishana kushoto na kulia, picha zako hazitakuwa kali. Zikipishana juu na chini tu, ni usumbufu wa jicho. Rudia kwa mita 1 ukipima kwa utepe kuanzia kwenye filamu, si kwenye kioo cha lenzi.

Kama shata yake (pazia linalofunika filamu) ni ya kitambaa, usiiache wazi ikitazama jua. Hakuna kioo cha kuikinga, na lenzi iliyowekwa kwenye alama ya mbali hukusanya jua na kutoboa kitambaa. Kama ni Zorki, vuta filamu kwanza ndipo ugeuze kasi. Ukitangulia kugeuza, unaharibu mashine ya ndani.