Bata mzinga hana kazi ziwani

SWALI: Tunatafsiri maelezo ya filamu ya wanyamapori wa Finland. Kuna ndege mkubwa mweupe, mwenye shingo ndefu, anayehama kila mwaka. Wenzangu wameandika "bata mzinga". Ni sawa? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Si sawa hata kidogo, na nawasihi mlifute neno hilo kabla filamu haijaonyeshwa. Bata mzinga ni ndege wa nchi kavu, asili yake Amerika. Mtazame kwa karibu pale soko la kuku Shekilango: kichwa hakina manyoya, ngozi nyekundu na buluu imejaa vinundu, na juu ya mdomo unaning'inia mnofu laini. Kisha shuka miguuni. Vidole vimeachana kama vya kuku, hakuna utando wa kuogelea. Jina tumelizoea, nami sina ugomvi nalo likikaa mahali pake. Kinachonikera ni mtafsiri kuona ndege mkubwa akadhani "mzinga" ni kipimo cha ukubwa, akaandika "bata mzinga waliteleza juu ya ziwa". Mtoto akiambiwa achore sentensi hiyo, atachora nini?

Msikimbilie "bata bukini" pia. Huyo ni mwingine, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska. "Bata" lenyewe limetoka Kiarabu.

Neno mnalolitafuta ni bata maji. Wapo wanaolalamika kwamba kila bata ni wa maji. Kweli, lakini kamusi zimelikubali na halimchanganyi mtu na kitoweo cha Krismasi.

Ila bata maji wako wa aina kadhaa, kwa hiyo tazameni mdomo. Wa kwenu, ambaye ni ndege wa taifa wa Finland, ana umanjano unaoanzia karibu na macho na kuchongoka hadi kupita tundu za pua. Ncha ni nyeusi. Shingo huisimamisha wima. Akiwa na mdomo wa rangi ya chungwa na nundu nyeusi juu yake, huyo ni ndugu yake tu. Huyo wa kwenu, Wafini na Wajerumani humwita kwa uimbaji wake, maana sauti yake hulia kama tarumbeta. Basi andikeni "bata maji mwimbaji" anapotajwa mara ya kwanza, kisha "bata maji" inatosha.

Upatanisho: bata maji ameruka, bata maji wamehama. "Mabata maji yamehama" sitaki kuyaona.