Fundi Anajibu: Diski imejaa, au imeharibika?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Laptopu yangu inatumia Linux, patisheni ya /home ni ext4 (mfumo wa mafaili, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) na imefika 98%. Tangu juzi nikitaka kusevu kitu naambiwa "Read-only file system", kuna folda moja nikiifungua inaleta "Structure needs cleaning". Kabla haijaanza kugoma nilifuta muvi kibao ila df (amri ya kuonyesha nafasi iliyotumika) haikushuka kabisa. Rafiki yangu anasema piga tu fsck, ile amri ya kukarabati mfumo wa mafaili, itakaa sawa, nipige? Na je kujaa ndo kumeiharibu?

JIBU: Nzuri ndugu. Usipige fsck kwanza, subiri tuelewane, manake fsck si kipimo, ni dawa, na hujajua bado unaumwa nini.

Una matatizo mawili na umeyafunga kwenye furushi moja. Diski iliyojaa tu, isiyo na ugonjwa mwingine, inakwambia "No space left on device" basi, unafuta vitu maisha yanaendelea. Hayo mawili uliyoandika ni habari nyingine kabisa. "Structure needs cleaning" ni kwamba keneli (kiini cha Linux) imesoma rekodi za mfumo wa mafaili ikakuta hazina mantiki, na "Read-only" ni kwamba baada ya kuona hivo imefunga mlango wa kuandika ili isije ikaharibu zaidi. Watu wanachukia sana hiyo read-only lakini mimi naipenda, imekusaidia, mafaili yako mengi bado yanasomeka. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya amri yoyote ya ukarabati ni kukopi vitu vya maana kwenda diski nyingine, na usijaribu kulazimisha patisheni irudi kuandikika ili "ufute kidogo upate nafasi", hapo ndo watu wanapoteza picha za miaka.

Ukishakopi, soma logi. Andika sudo dmesg -T, na kama umeshawasha upya mashine tumia sudo journalctl -k -b -1 uone ya kipindi kilichopita. Usiisevu /home maana haiandikiki, weka kwenye flashi au piga picha kwa simu. Usiishie kwenye mstari wa "EXT4-fs error" ambao kila mtu anaukimbilia, panda juu uone kabla yake kulikuwa na nini. Ukikuta "I/O error, dev sda, sector" na namba ndefu, au mistari inayoanza na ata (njia ya kuongea na diski) inayolalamika kwamba amri imefeli, basi mfumo wa mafaili hauna kosa, umepewa data mbovu na diski au na waya. Ukikuta "attempt to access beyond end of device" ujue mfumo wa mafaili unadhani ni mkubwa kuliko patisheni yenyewe, hii hutokea sana kwa waliopunguza patisheni bila kupunguza kwanza mfumo wa mafaili ulio ndani yake. Ukikuta malalamiko ya ext4 peke yake, hakuna kitu cha diski hapo, fikiria umeme kukatika ghafla, au hata ramu mbovu, ipime na memtest86+ (programu ya kupima ramu) usiku ukiwa umelala.

Halafu sudo smartctl -a /dev/sda, inasoma ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Lile neno PASSED pale juu usilipe uzito sana, diski nyingi zinakufa zikiwa zimeandikwa PASSED. Angalia Current_Pending_Sector na Reallocated_Sector_Ct, zikiwa juu ya sifuri na zinaendelea kupanda tafuta diski mpya. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda peke yake, badilisha waya kwanza kabla hujatoa hela ya diski. Kwa NVMe (aina ya SSD ya kasi) majina ni mengine, tafuta "Media and Data Integrity Errors".

Sasa swali lako la kujaa. Kwa ext4 kujaa peke yake hakuharibu, kabla ya kuandika inatafuta bloku (vipande vya nafasi ya diski) tupu, ikikosa inakataa. Ila kujaa kunafichua. Diski ikiwa nusu kuna maeneo hayajawahi kuguswa, ukifika 98% sasa inabidi iandike huko, na kama kule kuna sekta mbovu au mwisho wa patisheni ni wa uongo, ndo unakutana nao siku hiyo, halafu lawama zote zinaenda kwa kujaa. Kuna na kitu kinachofanana na uharibifu lakini sio: programu inafungua faili, inalifuta ndani ili iandike upya, nafasi inaisha katikati, unabaki na faili la baiti 0. Hilo fsck haitalirudisha hata ukiipiga mara ngapi, kwake yeye faili la baiti 0 ni zima kabisa.

Muvi ulizofuta: cheki kwanza takataka, ~/.local/share/Trash, ukifuta kwa kubofya zinahamia huko na huko ni kwenye patisheni ile ile. Pili, kama kuna programu bado imelishika faili, nafasi hairudi mpaka ifungwe, sudo lsof +L1 itakuonyesha. Tatu, ext4 kwa kawaida inatenga 5% ya bloku kwa ajili ya root (msimamizi mkuu wa mashine), hivo unaweza kufuta kidogo na safu ya Avail bado ikasoma 0. Kwa /home isiyo na mfumo endeshi ndani yake unaweza kuishusha kwa tune2fs -m 1, lakini sio leo, leo patisheni inaumwa.

Ukimaliza yote hayo ndo tunafika kwa fsck. Kama diski ndo mbovu, toa nakala nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenda diski kubwa zaidi na ufanye ukarabati kwenye nakala. Kama diski ni nzima, washa kwa flashi ya Linux ili patisheni isiwe imemauntiwa (yaani isiwe imeunganishwa na mfumo unaotumia), kisha piga e2fsck, ambayo ndo fsck ya ext4, hivi: e2fsck -fn /dev/sda3 (weka jina la patisheni yako), -n inaangalia tu haigusi kitu. Usiipige kwenye patisheni iliyomauntiwa hata kwa -n, itakuletea makosa ambayo hayapo. Ikiwa orodha ni fupi, rudia bila n. Ikiwa inashuka kurasa kwa kurasa, usiweke -y (inayojibu "ndiyo" kwa kila kitu) ukaenda kunywa chai, hakikisha nakala ipo kwanza. Mafaili yatakayopoteza majina utayakuta lost+found yakiwa na namba tu, na hiyo folda imeshatengewa bloku zake tangu mwanzo, kwa hiyo hata patisheni ikiwa imejaa pomoni bado ina pa kuyaweka.

SWALI: Fundi mambo, flashi yangu mpya mafaili ya mwanzo yako freshi, ila ikishaingia kama robo hivi, mapya yote hayafunguki. Nimefomati bado.

JIBU: Poa. Hiyo karibu hakika ni feki. Imepangwa idanganye ukubwa, ndani chipu ni ndogo, ukivuka kile kilichopo kweli data inatupwa au inaandikwa juu ya nyingine, na kufomati hakusaidii kwa sababu uongo uko chini ya mfumo wa mafaili. Hamisha ulichonacho, kisha ijaze kwa f3write, usome kwa f3read (programu za kupima flashi feki), itakwambia kiasi gani kimepotea. Kisha irudishe ulikoinunua.

SWALI: df -h inasema nimetumia 60% tu lakini seva inakataa, "No space left on device". Diski imekufa?

JIBU: Hapana. Piga df -i, nahisi utakuta inodi (rekodi inayotunza taarifa za faili) ni 100%. Kila faili linakula inodi moja hata likiwa dogo kama nini, na kwenye ext4 idadi yake inapangwa siku ya kufomati, kawaida moja kwa kila baiti 16384. Tafuta folda yenye vifaili vidogo visivyohesabika, mara nyingi ni seshoni za tovuti au barua pepe zilizokwama kwenye foleni, anza na du --inodes -x / | sort -n | tail.