Miche ya nyanya iliyorefuka dirishani

Umesema miche yako ya nyanya kwenye trei dirishani imekuwa myembamba kama uzi, yote imelalia kioo, na jirani amekushauri uongeze mbolea. Usiongeze! Utairefusha zaidi.

Hiyo miche haiumwi, inatafuta mwanga. Ncha ndiyo inayohisi mwanga unatoka wapi. Charles Darwin na mwanawe Francis walilionyesha hilo mwaka 1880 kwa kuvisha vikofia ncha za miche ya nyasi: iliyofunikwa haikupinda. Homoni iitwayo oksini husogea upande wenye kivuli, seli za huko zinarefuka kuliko za upande wa pili, na shina linainamia dirisha. Mwanga ukiwa hafifu, mche mzima hujivuta juu kana kwamba uko chini ya kichaka.

Sasa itoe nje asubuhi, kwa muda wa saa moja tu siku ya kwanza, uongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ukiipeleka ghafla kwenye jua la adhuhuri, majani yatababuka na kuwa meupe. Pia ipapase juu kwa kiganja mara kadhaa kwa siku. Mguso, kama upepo, huufanya mche ubane urefu na kunenepesha shina. Mimi hupapasa yangu nikipita na kikombe cha chai, watoto wananicheka.

Siku ya kuhamishia shambani, fukia shina hadi karibu na yale majani mawili ya mwanzo. Shina la nyanya likifukiwa huota mizizi, kwa hiyo urefu huo hautapotea bure.