Sema "Sijapenda", Usiseme "Umeiba"

Mwaka 2019 nilimwita kijana mmoja mwizi mbele ya watu zaidi ya mia tatu. Ilikuwa saa saba usiku, kwenye kundi la Telegram la watengeneza programu, na kosa lake lilikuwa kuuza mfumo wa stoo za maduka ya dawa alioujenga juu ya programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadili. Nakala moja laki nne. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nihamie Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na mwanafunzi mpya siku zote huwa mkali kuliko mwalimu. "Kitu cha bure unakiuza? Huo ni wizi," nikaandika. Akajieleza, sikumsikiliza. Akajieleza tena, nikamrushia picha ya skrini ya tangazo lake mwenyewe, watu wakacheka. Kulipopambazuka alikuwa ameshajitoa kundini.

Programu aliyoitumia ilikuwa chini ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, yaani masharti ya kuitumia na kuigawa. GPL haikatazi kuuza. Hata Free Software Foundation, taasisi aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1985 na ambayo ndiyo mama wa leseni hiyo, inawaambia watu watoze fedha kadiri watakavyo. Inachodai ni kwamba unayempa programu apate na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, pamoja na haki zile zile ulizopewa wewe. Kijana yule alikuwa anamkabidhi kila mteja flashi yenye msimbo wote. Alitimiza kila sharti. Asiyesoma leseni ni mimi.

Haya niliyajua miezi kadhaa baadaye, nilipolazimika kuisoma GPL kwa ajili ya kazi yangu. Nilimtafuta, nikamwomba radhi, akaipokea. Kundini hakurudi.

Tangu hapo nimebishana sana juu ya leseni, na bado nabishana, kwa sababu napenda ubishi. Lakini nabishana tofauti. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonigharimu mimi, si kila kitu kinachoweza kusemwa.

Kwanza hilo neno "bure". Kiingereza kina neno moja, "free", linalobeba "huru" na "bure" kwa pamoja, ndiyo maana wenyewe wamepoteza miaka wakielezana kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi Mungu ametujalia maneno mbalimbali: huru, huria, bure. Na hilo la mwisho lina ncha. Mtu akikwambia "wewe bure kabisa," hakusifii. Ukiingia kwenye mjadala ukiiita kazi ya mtu "programu ya bure" umeshaishusha kabla hujaanza, na umeshamkasirisha aliyekesha akiiandika. Mimi huandika "programu huria" makusudi, hata pale wengine wanaponiona najifanya mtu wa BAKITA. Nusu ya ubishi hufa hapo hapo, kwa sababu swali la "mbona anauza?" linakosa miguu.

Nusu nyingine hufa ukisoma leseni. Ya MIT, leseni nyingine ya programu huria, haifiki maneno 200. Unaimaliza kabla chai haijapoa. GPL toleo la 3, la mwaka 2007, inapita maneno 5,000, na mimi niliisoma kwa siku tatu ndani ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, nimesimama. Kuna kifungu humo, cha 8, ambacho ningekijua mwaka 2019 ningefunga mdomo: aliyekiuka leseni kwa mara ya kwanza, akijulishwa na mwenye haki na kurekebisha ndani ya siku 30, haki zake zinarudi moja kwa moja. Yaani hata leseni yenyewe, inayosifika kwa ukali, inampa mkosaji mwezi mzima. Mimi nilimpa kijana wa watu dakika nne.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana dunia duara.

Mwaka 2021 niliweka mtandaoni kijiprogramu changu kinachosoma meseji za miamala ya simu na kuzipanga kwenye jedwali: tarehe, kiasi, makato, salio. Nikachagua leseni ya MIT kwa sababu ilikuwa fupi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila nililijaza bila kulisoma. Mwaka uliofuata kampuni moja ya hapa mjini ikatangaza mfumo wa mahesabu ya maduka. Nikaufungua kwenye kivinjari, nikachungulia msimbo unaoshuka, nikakuta safu ya fedha imeitwa "kaisi". Hilo ni kosa langu la kuandika "kiasi" ambalo sijawahi kulirekebisha. Kosa langu lilikuwa limeajiriwa, lina ofisi, linapata mteja. Jina langu halikuwepo popote.

Niliandika Twitter ujumbe kumi na minne mfululizo. Wameniibia, wananyonya vijana, nataka nilipwe, wauondoe mfumo, waombe radhi hadharani. Siku mbili nilikuwa shujaa. Siku ya tatu mtu mmoja akauliza swali la maneno matatu: "Si uliweka MIT?" Upepo ukageuka pale pale. Waliokuwa wananipigia makofi wakaanza vijembe, na kampuni ikapata sababu ya kunyamaza.

Aliyeniokoa ni dada mmoja mwanasheria niliyesoma naye sekondari. Alisoma ujumbe wote kumi na minne (pole yake) akanipigia. "Kaka, una malalamiko mawili. Moja lina sheria, la pili lina machozi. Umeyapika sufuria moja, ndiyo maana hakuna anayekula."

Alikuwa sahihi. MIT iliwaruhusu kuchukua, kubadili, kuuza na kutonilipa hata shilingi. Sharti lake la msingi ni moja tu: tamko la hakimiliki na maneno ya leseni vibaki kwenye kila nakala. Hilo ndilo walilolivunja. Nikafuta ule mlolongo, nikawaandikia barua pepe ya mistari mitano: msimbo huu ni wangu, kiungo hiki hapa, leseni inataka hiki, naomba mkirudishe. Siku ya tisa jina langu likawa kwenye ukurasa wao wa "Kuhusu". Fedha sikupata. Kilichokuwa kinaniuma hakikuwa wizi. Nilikuwa sijapenda. Sikupenda watu wenye kiyoyozi wauze kitu nilichokiandika kwa bando la usiku, wala wasiseme hata asante. Ni hisia halali kabisa, lakini niliona aibu kuisema bila kuivika joho la hakimu.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Leseni ikiwa imeruhusu, usiseme "umeiba". Sema "sijapenda", kisha eleza kwa nini. Ukisema "umeiba" mwenzako anafungua leseni na kukushinda kwa dakika mbili, na hoja yako nzuri ya uungwana inazikwa pamoja na hoja yako mbovu ya sheria. Ukisema "sijapenda", inabidi azungumze na wewe.

Angalieni yaliyotokea Machi 2024. Redis, hifadhidata ambayo wengi wetu tunaiweka nyuma ya mifumo yetu, ilikuwa chini ya leseni legevu ya BSD tangu 2009. Kampuni yake ikatangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa chini ya leseni mbili zinazobana, ambazo hakuna hata moja iliyopitishwa na Open Source Initiative, taasisi inayopima leseni ipi ni huria. Sababu waliyotoa: makampuni makubwa ya wingu, yale yanayokodisha seva mtandaoni, yanaiuza kama huduma bila kuchangia ipasavyo. Kundi letu likawaka. "Wametupora!" Lakini matoleo ya zamani yalibaki BSD, hakuna aliyeyagusa wala anayeweza kuyagusa, na ndiyo maana kabla mwezi haujaisha Linux Foundation, taasisi inayolea miradi huria, ikiungwa mkono na Amazon, Google na wengineo ilishayachukua na kuyaendeleza kwa jina la Valkey. Kuporwa gani huko, na mali iko sebuleni?

Lakini waliokasirika walikuwa na jambo. Watu kutoka nje ya kampuni walichangia msimbo kwa miaka wakiamini nyumba ni ya wote, halafu mmoja akabadili kufuli. BSD iliruhusu, uungwana haukuruhusu. Mimi binafsi sikupenda, ingawa nawaelewa, maana nami nimeshamwona mkubwa akinenepa kwa jasho langu. Hayo ndiyo yalistahili kujadiliwa, hayakujadiliwa. Wala hakuna aliyeuliza swali la duka letu: je, sisi tunaoiendesha kwenye seva zetu kwa ajili ya mifumo yetu wenyewe tunaguswa? Kwa wengi wetu jibu lilikuwa hapana. Masharti yale yaliwalenga zaidi wanaoiuza yenyewe kama huduma. Watu walitukanana wiki nzima juu ya jambo lisilowahusu hata kwa mstari mmoja wa msimbo.

Mei 2025 Redis toleo la 8 likaja na AGPL, ndugu wa GPL, kama chaguo mojawapo, leseni huria kamili. Elastic, wenye programu ya kutafutia data ya Elasticsearch, nao walipita njia hiyo hiyo: waliiacha leseni legevu ya Apache mwaka 2021, mwaka 2024 wakaongeza AGPL. Leseni zimerudi. Kuna jamaa wawili kwenye kundi letu mpaka leo hawajasalimiana.

Ubishi unaonitoa jasho zaidi ni ule unaochanganya leseni na dhuluma za dunia. Agosti 2018 waendeshaji wa Lerna, mradi huria wa zana za watengeneza programu, waliongeza kwenye MIT yao kipengele cha kuyazuia makampuni yaliyofanya kazi na ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakitenganishwa na wazazi wao mpakani. Baada ya siku chache kipengele kikaondolewa. Mwaka uliofuata mtengeneza programu Coraline Ada Ehmke akaleta Leseni ya Hippocratic, inayokataza programu kutumika kuvunja haki za binadamu. Tafsiri rasmi ya chanzo huria, ile ya Open Source Initiative, haikubali masharti ya namna hiyo. Kipengele chake cha 6 kinasema huwezi kubagua nyanja ya matumizi. (Mtengeneza programu Douglas Crockford alikuwa ameshawatangulia wote: aliandika kwenye leseni yake kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu, na anasimulia kwamba wanasheria wa IBM walimwomba ruhusa maalumu, akawapa.)

Siku moja tulikuwa tunajadili hayo, na mwenzetu anayeishi Marekani akasema jirani yake, mtu wa Kongo kama yeye, alichukuliwa na ICE alfajiri mbele ya watoto. Mimi nikamjibu kwa kipengele cha 6. Nilinukuu vizuri, hata namba sikukosea. Akaandika, "Sawa, kaka." Mswahili yeyote anaijua "sawa" ile. Kuna wakati swali lililoko mezani si leseni hata kidogo, na ukilijibu kwa leseni umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ningemuuliza watoto wako wapi sasa.

Na "sijapenda" ina ndugu yake: anayependa naye aseme ukweli. Kiswahili kimo kwenye Common Voice, mradi wa sauti wa Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, ambako watu husoma sentensi na kuchangia sauti zao. Rekodi zinatolewa chini ya CC0, maana yake mtu yeyote, hata kampuni tajiri kuliko nchi, anaweza kuzitumia bila kuomba wala kulipa. Niliwahi kumshawishi mjomba wangu wa Pangani arekodi. Akauliza, "Sauti yangu itauzwa?" Nikaanza kuzungukazunguka: maendeleo ya lugha, vijukuu, nini na nini. Akaniacha nimalize, akauliza tena. Nikamwambia ndiyo, mjomba, inawezekana, na mimi nimeona inafaa hata hivyo. Akafikiri kidogo, akarekodi sentensi kumi na mbili, akasema zinatosha, asiwape yote.

Mambo madogo madogo: usijibu usiku. Ukishajibizana na mtu mara tatu, mfuate inbox, kwa sababu hadharani hakuna anayekubali kushindwa. Picha za skrini za watu usizirushe; mimi niliirusha moja na bado naiona. Ukigundua umekosea, andika "nimekosea" pale pale ulipokosea, si kwenye kona. Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux na bingwa wa matusi kwa barua pepe, Septemba 2018 aliomba radhi mbele ya wenzake wote na kukaa pembeni kwa muda. Kama yeye aliweza, wewe wa kundi la Kinondoni unashindwaje?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini alinijia amefura. Kuna watu wamechukua mradi wake, wanauza, yuko tayari kuwaanika na alishaandika ujumbe wote, anataka niupitie kwanza. Nikamuuliza aliweka leseni gani. Akasema hakumbuki, ila ni ile ya kawaida. Nikamwambia afungue faili, asome, halafu arudi tuupitie.

Hajarudi.