Re: Mwanangu akikatwa mguu, ataishije?

Pole sana dada. Umeuliza kama mwanao wa miaka 12, akikatwa mguu kwa saratani ya mfupa, atakuwa na maisha ya maana. Atakuwa nayo. Ted Kennedy Jr. wa Marekani alikatwa mguu wa kulia mwaka 1973, akiwa na umri huohuo. Miezi michache baadaye baba yake alimtoa nje wakacheze kwenye theluji. Akateleza, akaanguka, akalia kwamba hawezi. Baba akamnyanyua, wakapanda kilima pamoja. Alikuja kuwa mwanasheria na mtetezi wa watu wenye ulemavu, na mwaka 2014 akachaguliwa seneta katika bunge la jimbo la Connecticut. Mwulize daktari mapema kuhusu mguu bandia. Mtoto anakua, kwa hiyo hubadilishwa mara kwa mara. Na tafadhali, usimkataze kucheza.