Umeacha soda na kilo hazishuki? Angalia juisi na chai

Salamu dada. Unasema umeacha soda kabisa, jioni unakunywa juisi ya miwa au ukwaju, na bado kilo ni zile zile. Anza na hizo juisi.

Soda ya nusu lita ina takriban gramu 53 za sukari, vijiko vya chai kama 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na 25 ni bora zaidi. Juisi ya miwa ni sukari iliyokamuliwa. Ndimu na tangawizi haziipunguzi. Ukwaju nao ni mkali, ndiyo maana wauzaji huutia sukari mpaka ukali ufe.

Mimi ukwaju natengeneza nyumbani. Naloweka usiku, nachuja, naongeza maji mengi, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha sukari kwa jagi zima. Mwanzoni ulimi unakataa, halafu unazoea. Chai nayo ihesabu, maana vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu si mchezo. Punguza nusu kijiko kila wiki, uzidishe iliki. Kahawa chungu endelea nayo, ila halua iache mezani. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, moja latosha.

Kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kwanza, kwani sukari ya damu inaweza kushuka ghafla.